Picha Kama Matini: Vielelezo na Ufahamu wa Hadithi kwa Wasomaji Wachanga wa Kisangani

Katika vitabu vya hadithi vinavyotungwa kwa ajili ya madarasa ya mwanzo, kielelezo, yaani picha inayoandamana na maneno ya hadithi, huchukua nusu ya ukurasa au zaidi, na mara nyingi ndicho kitu cha kwanza kuvuta jicho la mtoto. Hata hivyo, darasani nafasi hiyo kubwa hupewa kazi ndogo. Mwalimu huonyesha picha, watoto hutaja vitu wanavyoviona, kisha picha husahauliwa na somo huhamia kwenye herufi. Mazoea haya yamejengwa juu ya dhana mbili ambazo, ingawa zinapingana, huishi pamoja bila taabu: ya kwanza hudai kwamba picha hujieleza yenyewe na kwa hiyo haihitaji kufundishwa, na ya pili huiona kuwa pambo linalomtoa mtoto kwenye kazi halisi ya kusoma. Uchambuzi huu unashikilia kwamba picha ni matini yenye kanuni zake, ambazo mtoto huelekezwa kama anavyoelekezwa silabi, na kwamba katika mji kama Kisangani, ambamo mtoto huanza kusoma akiwa katikati ya lugha tatu na mbele ya vitabu vichache, kuiacha picha ijieleze yenyewe ni kutupa mojawapo ya nyenzo chache zilizopo.

Hali ya lugha ndiyo inayolipa suala hili uzito wake wa pekee. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko ya Boyoma, penye mji huu, kwa njia ya misafara ya biashara kutoka mashariki, na mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara mzaliwa wa Zanzibar, aliteuliwa kuwa gavana wa eneo hilo, wakati huo likiitwa Stanley Falls. Lingala ilipanda mto kutoka magharibi pamoja na meli, askari na watumishi wa utawala. Kifaransa kilikuja na dola na kimebaki kuwa lugha ya mitihani na ya ofisi. Leo, katika makao makuu haya ya jimbo la Tshopo, ambalo lilizaliwa mwaka 2015 Jimbo la Mashariki lilipogawanywa, Lingala na Kiswahili hupokezana ndani ya mazungumzo mamoja, na nyumbani mtoto huenda akasikia pia Kilokele, Kienya, Kikumu au Kimbole. Katiba ya mwaka 2006 inazitambua lugha nne za taifa, Kiswahili na Lingala zikiwamo, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Lakini sheria haimwambii mwalimu wa darasa la kwanza afanye nini pale ambapo watoto wa benchi moja hawakulelewa kwa lugha moja.

Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, iliwaleta shuleni watoto wengi ambao ada iliwazuia, jambo ambalo ni haki yao, na madarasa yakafurika. Benki ya Dunia imekadiria kwamba asilimia 97 ya watoto wa Kongo wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa matini fupi na rahisi. Takwimu hiyo hueleweka vibaya ikisomwa kana kwamba kasoro ni ya namna moja. Wapo watoto wasiojua herufi, na wapo wanaozijua herufi vizuri na kutamka kila silabi bila kuambulia hadithi inasema nini, ama kwa kuwa lugha ya kitabu si yao, ama kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba maneno yaliyotamkwa yanapaswa kujenga tukio akilini. Picha ina manufaa hapa kwa sababu mtoto anaweza kuizungumzia kwa lugha yoyote aliyonayo. Anayeieleza hadithi vizuri kwa Lingala akiitazama picha, kisha akanyamaza mbele ya sentensi ya Kiswahili au ya Kifaransa, amempa mwalimu habari muhimu: kilichopungua ni msamiati, si akili ya kufuatilia kisa.

Wazo la kufundisha kwa picha ni la kale. Johann Amos Comenius alichapisha mwaka 1658 kitabu cha shule ambacho kila sura yake ilikuwa na mchoro wenye namba zilizofungamanishwa na maneno ya lugha mbili, na tangu hapo waandishi wengi wamechukulia kwamba jicho halihitaji mkalimani. Dhana hiyo ilitikiswa karne ya 20. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini kwa mchoro wa mwindaji, paa na tembo mdogo aliyechorwa katikati yao, udogo huo ukikusudiwa kuonyesha kwamba tembo yuko mbali. Watu wengi waliohojiwa walijibu kwamba mkuki umeelekezwa kwa tembo. Matokeo hayo yalitumiwa na baadhi ya watu kudai kwamba Waafrika hawaoni kina cha picha, dai ambalo halikustahili kuishi muda mrefu kama lilivyoishi, kwa sababu michoro yenyewe ilikuwa hafifu na maswali yalikuwa na utata. Miaka miwili baadaye Julian Hochberg na Virginia Brooks walieleza habari za mtoto aliyelelewa hadi miezi 19 karibu bila kuonyeshwa picha wala kufundishwa majina yake, na ambaye alitambua vitu katika michoro ya mistari mara ya kwanza alipoonyeshwa. Mwaka 1972 ikachapishwa taarifa ya Jan Deregowski na wenzake kuhusu watu wazima wa jamii ya Me'en nchini Ethiopia, ambao hawakuwa wamezoea picha: wengi walimtambua mnyama aliyechorwa kwenye kitambaa, ingawa baadhi yao walifika hapo kwa kutaja kiungo kimoja baada ya kingine, pembe, mkia, miguu, hadi jina likapatikana.

Kutokana na tafiti hizo mambo mawili yanapaswa kutenganishwa. Utambuzi wa kitu, yaani kujua kwamba mchoro huu ni wa mbuzi, huja kwa wepisi mkubwa kwa karibu kila binadamu. Usomaji wa kanuni za uchoraji, yaani makubaliano ambayo wachoraji huyatumia kuonyesha umbali, mwendo, wakati na mawazo, hauji hivyo, na huo ndio unaohitaji mwalimu.

Kanuni inayowakwaza wasomaji wachanga kuliko zote ni ya mhusika anayerudiwa. Katika ukurasa wenye visanduku vitatu, msichana yuleyule huonekana akichota maji, akipanda ukingo wa mto, kisha akifika nyumbani. Msomaji aliyezoea huelewa kwamba huyu ni mtu mmoja katika nyakati tatu, lakini mtoto ambaye hajakutana na mpangilio huo ana sababu nzuri ya kuhesabu wasichana watatu. Mwalimu hapaswi kumcheka, bali amwelekeze kwenye ushahidi: gauni ni lilelile, ndoo ni ileile, jua limeshuka. Kanuni ya pili ni ya ukingo wa picha. Mkono unaoingia kutoka pembeni ukiwa umeshika kisu si mkono uliokatwa, bali ni wa mtu aliye nje ya kile mchoraji alichotaka kionekane, na hadithi nyingi huweka fumbo lake hapo hasa. Kanuni ya tatu ni ya alama zisizofanana na kitu chochote duniani: mistari midogo nyuma ya toleka, yaani baiskeli ya kubebea abiria, kuonyesha kasi, matone yanayoruka kutoka kwenye paji la uso kuonyesha hofu, kiputo chenye mkia kuonyesha maneno yanayosemwa na kiputo chenye viduara kuonyesha yanayowazwa tu. Alama hizi, kama herufi, zina maana kwa sababu watu wamekubaliana, na mtoto hana njia ya kuzigundua peke yake. Mahali pa mtazamaji pia huamuliwa na mchoraji: mtu mzima anayechorwa akitazamwa kutoka chini huwa mkubwa na wa kutisha, na mtoto anayetazamwa kutoka juu huonekana mpweke, hata pale ambapo sentensi haikutaja woga wala upweke.

Zaidi ya kanuni hizi kuna uhusiano kati ya picha na maneno, ambao Maria Nikolajeva na Carole Scott waliuchambua kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 2001. Wanaonyesha kwamba picha inaweza kurudia yale yale yanayosemwa na maneno, inaweza kuyapanua, na inaweza kuyapinga. Mfano unaotajwa sana wa aina ya mwisho ni kitabu cha Pat Hutchins cha mwaka 1968, Rosie's Walk, ambamo maneno yanasimulia matembezi ya kuku shambani, huku picha zikimwonyesha mbweha anayemvizia ukurasa baada ya ukurasa bila kutajwa hata mara moja. Msomaji wa maneno peke yake hupata ratiba ya matembezi, na msomaji wa picha peke yake hupata fukuza-fukuza isiyo na msimulizi. Hadithi yenyewe iko kwenye pengo lililo kati ya viwili hivyo, na kulijaza pengo hilo ndiko kunakoitwa ufahamu.

Kwa mazingira ya Kisangani mfano wa kubuni unatosha kulionyesha jambo hili. Iwapo ukurasa una sentensi tatu tu, kwamba baba alirudi kutoka mtoni, kwamba mama alitazama kapu, na kwamba usiku huo familia ilikula sombe (mboga ya majani ya muhogo), na picha inaonyesha kapu tupu, mtego wa kienyeji uliopasuka begani mwa baba, na kwa mbali miti mirefu ya Wagenia, wavuvi wa maporomoko, iliyosimikwa kwenye maji yaliyofurika, basi maneno hayajasema popote kwamba samaki walikosekana. Mtoto wa Kisangani, anayejua kwamba Wagenia hutundika mitego yao mikubwa kwenye jukwaa la miti katikati ya maporomoko na kwamba mto ukijaa kazi hiyo huwa ngumu, ana kila anachohitaji ili kuhitimisha, lakini hatahitimisha asipoulizwa. Kitendo hiki cha kuunganisha kilichoandikwa, kilichochorwa na kinachojulikana tayari, ili kupata kile ambacho hakikusemwa, ndicho moyo wa somo zima.

Hapo ndipo ulipo ubishi mkubwa zaidi katika suala hili. Mwaka 1967 Kenneth Goodman aliueleza usomaji kuwa aina ya mchezo wa kubahatisha, ambamo msomaji hutumia dalili za kila namna kulitabiri neno, na kutokana na mtazamo huo walimu wa nchi nyingi walifundishwa kumwambia mtoto aliyekwama kwenye neno aitazame picha. Mwaka huohuo S. Jay Samuels alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto wenye uwezo mdogo wa kusoma walijifunza maneno machache zaidi picha ilipokuwapo kando ya neno, kwa kuwa macho yao yalikimbilia mahali penye jibu rahisi. Baadaye, mwaka 1982, W. Howard Levie na Richard Lentz walikusanya majaribio mengi ya kabla yao wakaonyesha kwamba picha inayobeba habari za matini husaidia kwa kiasi kikubwa kuzielewa na kuzikumbuka habari hizo, na haisaidii chochote kwa habari ambazo haikuzibeba. Matokeo haya yanaonekana kupingana kwa yule tu anayechanganya kazi mbili. Picha ni msaidizi mzuri wa ufahamu na mwalimu mbaya wa kusimbua, yaani wa kugeuza herufi kuwa sauti.

Katika Kiswahili kosa la kuzichanganya kazi hizo halina hata kisingizio, kwa sababu maandishi yake hufuata matamshi kwa uaminifu na mtoto aliyeshika silabi anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kulisikia. Mfano wa familia ya mvuvi unalionyesha wazi: ikiwa kwenye picha pia kuna sufuria ya majani ya muhogo, na chini yake imeandikwa sombe, neno la Waswahili wa mashariki ya Kongo, basi mtoto wa nyumba inayozungumza Lingala akisema pondu ameielewa hadithi barabara, lakini hajasoma. Mwalimu anayemkubalia kwa kuwa maana ni ileile anamnyima kusoma, na anayemkaripia kwa kuwa amekosea anamnyima hadithi. Jibu sahihi ni kuzipokea sehemu zote mbili kwa zamu: kweli ni pondu, na sasa tuangalie herufi hizi zinasema nini.

Kutokana na hayo, mpangilio wa somo hauwezi kuwa mmoja kwa malengo yote. Pale lengo linapokuwa herufi na silabi, picha ifunikwe hadi neno lisomwe, kisha ifunuliwe kama uthibitisho. Pale lengo linapokuwa kuelewa hadithi, picha itangulie, itazamwe kwa utulivu, na izungumziwe kabla ya mwalimu kusoma kwa sauti. Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin, watafiti wa Kanada, walifuatilia mwendo wa macho ya watoto waliokuwa wakisomewa, na mwaka 2005 waliripoti kwamba watoto huitazama picha karibu muda wote na maandishi kwa nadra sana. Kwa hiyo anayedhani kwamba mtoto anayesomewa hufuata mistari kwa macho anajidanganya, na ni afadhali aamue mwenyewe macho hayo yafanye nini.

Maswali ndiyo yanayoamua. Abigail Housen na Philip Yenawine, walioshirikiana Marekani kutunga njia ya kujadili kazi za sanaa na watoto, waliyapunguza hadi machache: nini kinatendeka katika picha, ni kitu gani unachokiona kinachokufanya useme hivyo, na nini kingine tunaweza kukiona. Swali la pili ndilo lenye thamani kubwa, kwa sababu linambadilisha mtoto kutoka mbahatishaji kuwa mtoa ushahidi. Mtoto akisema mama amekasirika, na akaulizwa ameliona wapi hilo, ataonyesha nyusi, au mikono iliyowekwa kiunoni, au atagundua kwamba hana cha kuonyesha na kuibadili kauli yake mwenyewe. Maswali ya kutaja vitu, hiki ni nini na kile ni rangi gani, yana nafasi yake kwa mtoto anayejifunza maneno ya lugha mpya, lakini darasa linalokomea hapo linahesabu vitu tu. Baada ya mazungumzo mwalimu husoma matini, na mwishoni darasa hurudi kwenye picha kuona ni makisio gani yaliyothibitishwa na maneno, yapi yaliyokanushwa, na yapi yaliyobaki wazi.

Pingamizi la kwanza la mwalimu yeyote wa Mangobo au wa Lubunga, mitaa ya Kisangani, ni kwamba kitabu ni kimoja na watoto wamejaa hadi mlangoni. Pingamizi hilo ni la kweli, na lina jibu la sehemu tu. Ubao na chaki huweza kubeba mchoro mkubwa wa mistari, na mchoro unaozaliwa mbele ya macho ya watoto una faida ambayo ukurasa uliochapishwa hauna, kwa kuwa mwalimu anaweza kusimama katikati, akiwa amechora baba na mtego lakini bado hajachora kapu, akawauliza watoto wanatarajia ndani yake pawe na nini. Nakala za mashine ya kudurufu, kinyume chake, huwasaliti walimu mara nyingi: picha ya rangi ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe hupoteza vivuli, sura huwa doa, na hisia ambayo ingesomwa usoni hutoweka kabisa.

Uchaguzi wa picha nao una uzito. Hadithi za African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hupatikana bure kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake inaruhusu kutafsiri na kubadili. Ni hazina ambayo walimu wa Kisangani wana haki ya kuitumia bila aibu. Hata hivyo, nyingi ya hadithi hizo zilichorwa kwa ajili ya nchi nyingine, na mandhari ya nyika yenye migunga na twiga humfikia mtoto wa msitu wa Tshopo kama nchi ya kigeni, ilhali okapi, mnyama wa misitu yake mwenyewe, ni nadra kumwona kitabuni. Ugeni si kosa, kwani mtoto anapaswa pia kuona ulimwengu usio wake. Lakini kwenye hatua ya kwanza, anapojifunza namna ya kuunganisha picha na ujuzi wake, ujuzi huo lazima uwepo. Mtumbwi, toleka, soko la kando ya mto na lituma, yaani ndizi zinazotwangwa, humpa mahali pa kusimama.

Picha hizo haziwezi kukosa wachoraji. Barly Baruti, mmoja wa wachoraji wa katuni wanaojulikana zaidi barani Afrika, alizaliwa Kisangani mwaka 1959, na kitabu chake cha mwaka 2014, Madame Livingstone, kilichoandikwa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, kinasimulia vita vya kwanza vya dunia katika Ziwa Tanganyika kwa picha zinazodai msomaji makini. Dominique Mwankumi amewachorea watoto maisha ya Kongo katika vitabu vilivyochapishwa Ufaransa, na kabla yao jarida la Jeunes pour Jeunes, lililoanza Kinshasa mwaka 1968, lilikilea kizazi kizima kwenye usomaji wa visanduku na viputo. Huko Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliisimulia historia ya nchi kwa mfululizo wa michoro katika miaka ya 1970, akimweleza kila mmoja kwa Kiswahili mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyachapisha mazungumzo hayo mwaka 1996. Na katika Tshopo yenyewe, miongoni mwa Wambole, chama cha Lilwa kilitumia sanamu za mbao za watu waliohukumiwa kwa kuvunja sheria zake, nao vijana waliokuwa wakiingizwa jandoni walionyeshwa sanamu hizo na kuelezwa. Sanamu bila maelezo ilikuwa mti uliochongwa. Fundisho lilitoka kwa mkubwa aliyeieleza. Ni makosa, kwa hiyo, kuufikiria usomaji wa picha kuwa mbinu ya kigeni inayoletwa na miradi, ilhali jamii za hapa zimekuwa zikiifanya kwa ajili ya mambo mazito kuliko hadithi za watoto.

Mafunzo ya walimu bado hayajalipokea jambo hili ipasavyo. Mwanafunzi wa sekondari ya ualimu hujifunza kuandaa somo la kusoma na somo la uchoraji kama vitu viwili vilivyotengana, na vipimo vinavyotumiwa na miradi, kama kile kinachojulikana kwa kifupi EGRA, huhesabu maneno yanayosomwa kwa usahihi ndani ya dakika moja na kuuliza maswali machache juu ya aya isiyo na picha. Vipimo hivyo vina kazi yake, lakini havimtofautishi mtoto aliyesema kapu ni tupu na yule aliyesema kwamba hawakula samaki kwa sababu kapu ni tupu na mtego umepasuka. Wa kwanza ametaja kitu na wa pili amesoma hadithi, hata kama hakuna kati yao aliyelitamka neno la sombe sawasawa. Na mwalimu anayeiandika tofauti hiyo daftarini mwake, kwa watoto watatu au wanne kila siku, atajua kabla ya muhula kwisha ni nani anayehitaji silabi na ni nani anayehitaji mazungumzo.